Mayai ya Mzazi

Mjukuu wangu Salma alijifungua mwezi uliopita, na nyumba yetu ya Wiyoni ikajaa harufu ambayo sikuwa nimekutana nayo kwa miaka mingi: yai linaloiva kwenye samli, na pilipili manga iliyotwangwa muda huo huo. Wenzangu wa rika langu mnaijua. Ni harufu ya chumba cha mzazi, ikichanganyika na udi kidogo na nepi zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kuna mvua. Nilikuwa nimeketi barazani nikiwasikiliza wanawake wakibishana.

Jirani yetu mmoja alikuwa na ujumbe kwenye simu, akausoma kwa sauti. "Mayai ya kila siku huziba mishipa ya moyo. Na nyinyi mwampa matatu kwa asubuhi moja! Mwataka kumuua mwana wa watu?"

Binti yangu Rehema, mamake Salma, akamjibu, "Mimi nilikula mayai siku arubaini nzima, na moyo wangu ndio huu unaokusikiliza wewe."

Wakacheka, lakini hawakukubaliana. Mwishowe wakanigeukia mimi. Mzee aliyefika sekondari huulizwa mambo kama haya, hata kama alichokijua vizuri kule ni majina ya mito.

"Mwacheni na mayai kwanza," nikasema. "Mpeni uji."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na sikuwa nikijua chochote. Salma akala uji siku tatu bila kulalamika, kwa heshima yangu. Siku ya tatu nilimwona akiegemea ukuta alipokuwa akitoka msalani, uso umemshuka. Nilikumbuka kwamba hii ni mara ya pili katika maisha yangu kumwondolea mzazi mayai yake. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka saba, na mzazi alikuwa mama yangu.

Wakati huo tulikaa mjini Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Miezi michache kabla ya mama kujifungua, niliugua mimi. Homa ilinishika siku nyingi, masikio yakivuma, chakula kikinuka kama kutu. Bibi mzaa baba akasema nimepatwa na dito, yaani jicho la watu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma Kurani vizuri mbele ya wageni chuoni. Akatwaa yai bichi, akalizungusha juu ya kichwa changu mara saba, akisoma na kunipulizia. Kisha akalipitisha kifuani, mgongoni, mpaka kwenye nyayo. Lilikuwa baridi, na lilikuwa na unyoya mdogo ulioganda juu yake ambao ulinitekenya. Alipomaliza akalipasua ndani ya bakuli. Katikati ya kiini palikuwa na tone la damu, dogo kama kichwa cha pini.

"Waona?" akaniambia. "Limetoka kwako, limeingia humu."

Baba akaenda kulimwaga baharini, akarudi bila kutazama nyuma. Kesho yake niliamka nina njaa, nikala mkate wa mofa mzima. Mtoto ataka ushahidi gani zaidi? Hakuna aliyenieleza kwamba tone kama lile hutoka kwa kuku mwenyewe yai linapotungwa, na kwamba halina dhara lolote. Nilichoshika mimi kilikuwa kimoja tu: maradhi ya watu hukaa ndani ya mayai.

Mama akajifungua mtoto wa kike, dada yangu Rukia. Akaletwa mwanamke kutoka Faza wa kumtunza kwa siku zake arubaini, Bi Mwanakheri, mtu mnene, mweusi, mwenye mikono iliyonukia tangawizi. Alikuwa na kicheko kilichoanzia tumboni na kuchukua muda kufika juu. Kila asubuhi alipiga mayai matatu, akayatia samli moto na pilipili manga, akaenda nayo kwa mama akisema, "Kula, mwanangu, upate nguvu. Huyu wa pembeni yako hana duka jingine." Mama alikuwa akila huku akifumba macho kwa sababu ya pilipili.

Mimi nilikuwa nikikaa kwenye kizingiti cha jiko nikitazama. Asubuhi moja, Bi Mwanakheri alipasua yai na nikaliona tone lile. Lile lile, jekundu, juu ya kiini. Yeye alilichota kwa ncha ya kijiko, akalirushia kuku, akaendelea kupiga kana kwamba hakuna kitu. Mama akala yote. Jioni ile mama akashikwa na homa.

Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo ambalo watu wazima wanalijua na wamekubaliana nalo, kwa sababu ambazo mtoto haambiwi. Nikaamua kulishughulikia mwenyewe.

Mayai yalitiwa katika kikapu kilichoning'inizwa jikoni, paka wasiyafikie. Kila alfajiri, Bi Mwanakheri akiwa kwenye mswala, nilipanda juu ya kinu, nikayatoa, nikayatia ndani ya kofia yangu na kwenda nayo chuoni kwa njia ya pwani. Huko niliyarusha majini moja moja, nikisoma ile sura fupi niliyokuwa nimeihifadhi vizuri kuliko zote, halafu nikaondoka bila kugeuka. Nilikuwa nikisikia tu mlio wake majini, mdogo, kama mtu anayebana ulimi. Mara moja yai lilinipasukia mfukoni. Nilifua kanzu kwa maji ya chumvi na kumwambia mwalimu nimeanguka. Nilikuwa na hofu, lakini pia, niseme ukweli, nilikuwa na fahari. Nilikuwa nikimwokoa mama yangu na hakuna aliyejua.

Siku zile hapakuwa na mayai ya trei yanayoletwa kutoka bara kila wiki. Palikuwa na kuku wetu na kuku wa jirani, basi. Nyumba nzima ikaanza kutafuta mwizi. Kwanza akalaumiwa paka, akafungiwa chumbani siku mbili. Kisha ikasemwa ni kenge, na Bibi akaweka jivu chini ya kikapu apate kuona nyayo. Nyayo zilizoonekana zilikuwa zangu, lakini mimi nilikuwa nikipita jikoni mchana kutwa, kwa hiyo hakuna aliyezitilia maanani.

Shangazi yangu Zuhura, dada mkubwa wa baba, alikuwa na mwanamke mwingine aliyetaka aletwe kumtunza mama, na hakuwa amesahau kwamba hakusikizwa. Asubuhi ya kumi na moja tangu mayai yaanze kupotea alisimama uani, mikono kiunoni, Bi Mwanakheri akipepeta mchele mbele yake.

"Kuku nawasikia mimi mwenyewe wakitangaza," Shangazi akasema. "Kila asubuhi. Mayai yaenda wapi?"

"Hilo waulize kuku."

"Kuku hawali mayai kwa samli."

"Sema usemalo, Bi Zuhura. Usizunguke."

"Nisemalo ni kwamba tangu umekuya, mzazi anakonda na wewe wanenepa."

Bi Mwanakheri akaweka ungo chini taratibu. "Mimi nilikuya nikiwa mnene. Mlango wenu ni shahidi, niliingia kwa ubavu."

Baba, aliyekuwa amesimama karibu na ngazi, alifunika kinywa. Lau maneno yangeishia hapo, yangeishia kwenye kicheko. Lakini Shangazi akaniona.

"Huyu hapa yupo jikoni siku zote. Haya, baba, sema kweli. Umepata kumwona Bi Mwanakheri akila mayai ya mamako?"

Nilikuwa nimemwona. Kila asubuhi, mayai yalipokuwepo, alionja kwa ncha ya kijiko kujua kama chumvi imetosha. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimejitetea mara nyingi kuhusu kichwa kile. Nimejiambia kwamba sikusema uongo. Nimejiambia kwamba niliamini yule mwanamke analeta maradhi, na akiondoka yataondoka naye. Yote mawili ni kweli. Lakini kulikuwa na la tatu, na hilo ndilo lililoinamisha kichwa: nilijua mwizi ni nani, na niliona mtu mwingine akibebeshwa mzigo wangu, nikamwacha aubebe.

Bi Mwanakheri alinitazama. Alikunja leso zake, akaingia kumuaga mama, na alipotoka alimwambia Bibi, "Mpeni maji mengi, yasiwe baridi. Na mtoto awekwe kifuani hata kama maziwa hayatoki." Adhuhuri alikuwa ndani ya chombo cha kurudi Faza.

Nilingoja mama apone. Kwa hesabu yangu alipaswa kuamka siku ya pili akiwa mzima. Badala yake alizidi kuwa mwepesi, hata godoro halikuwa likionyesha kama kuna mtu. Dresa wa serikali, yaani msaidizi wa daktari, alikuja akampa vidonge vichungu vya homa. Maziwa yakapungua. Rukia alilia asubuhi, akalia mchana, na sauti yake ikaanza kuwa ndogo, na hiyo sauti ndogo ndiyo iliyonitisha kuliko ile kubwa. Jirani mwenye mtoto mchanga aliletwa kumnyonyesha, na Bibi akaketi karibu akihesabu mara alizonyonya, ijulikane huko mbele nani ni ndugu wa ziwa na hawezi kuoana na nani. Hata katika msiba ule alihesabu. Nilimsikia akimwambia baba, "Akivuka wiki hii, Alhamdulillahi."

Sikujua alikuwa akimsema nani kati ya wawili.

Swali lililozaliwa ndani yangu wiki ile nimekaa nalo kwa zaidi ya miaka sitini. Nimesoma nalo, nimeoa nalo, nimefanya kazi Mombasa na kustaafu nalo: je, ni mimi niliyekausha maziwa ya mama yangu? Sikupata kumuuliza mtu. Mwezi uliopita ndipo nilipoliuliza, tulipomfikisha Salma klinikini kwa sababu ya ule uji wangu. Muuguzi alikuwa binti mdogo, kijana wa kunizidi akili. Alimpima Salma, akasikiliza habari za simu ya jirani, akatikisa kichwa.

"Mayai ni chakula kizuri, mzee wangu. Mtu mzima asiye na maradhi akila yai moja kwa siku, hakuna ubaya. Huyu ananyonyesha, anahitaji chakula cha kujenga mwili. Mpeni mayai, samaki, kunde, matunda, na maji. Yaive vizuri. La kupunguza ni ile samli, nasikia mwaimwaga kama mwapaka mlango rangi. Mwenye sukari au moyo, huyo aulize daktari wake, kwa sababu kila mtu na mwili wake."

"Na mimi mwenye presha?"

"Wewe chumvi ndiyo inayokumaliza, si yai."

Rehema akacheka. Nilisubiri mpaka wao watoke, nikabaki kwenye kiti. Nikamuuliza: mzazi akinyimwa mayai siku kumi na moja, maziwa yake hukauka? Aliniangalia, nadhani aliona kwamba siulizi habari za Salma.

"Alikuwa na homa?"

"Alikuwa nayo. Kali."

"Basi, mzee, homa hiyo ilimdhoofisha, na pengine hakuwa akinywa maji, na mtoto hakuwa akinyonya vya kutosha. Hayo ndiyo hupunguza maziwa. Mayai yangemsaidia kurudi, siwezi kukudanganya. Lakini kuyakosa siku hizo hakukumkausha mtu."

Nilitoka mle ndani nikasahau fimbo yangu, ikabidi anifuate nayo.

Lakini yule mtoto wa miaka saba hakuwa na muuguzi. Siku ya tano baada ya Bi Mwanakheri kuondoka, nilimkuta baba uani akikaza kamba za kitanda cha mama. Nilisimama nyuma yake mpaka nikachoka kusimama.

"Baba, mbona mama haponi, na mayai nimeyatupa yote?"

Mikono yake ikasimama juu ya kamba. "Umeyatupa wapi?"

"Baharini."

"Yepi?"

"Yote. Yalikuwa na maradhi. Bibi alisema limeingia yaini, na mimi nililiona tone."

Nikamweleza kila kitu, mpaka kile kichwa. Nilitarajia kipigo na nilikuwa tayari, hata nilikitamani. Baba aliketi juu ya fremu ya kitanda, kamba bado mkononi. "Lile lilikuwa yai moya, mwanangu," akasema. "La kuzungushwa, tena tukalitupa. Haya mengine ni chakula tu. Alikuwa akipewa chakula." Akamwita Bibi, akamwambia. Bibi alijifunika uso kwa leso. Aliposema, alisema polepole, "Mwana kasikia nusu, na nusu ya pili sikumpa."

Kesho yake tukaenda Faza, baba na mimi. Njia nzima hakunisemesha ila mara moja, kunipa maji. Tulipofika kwa Bi Mwanakheri alikuwa akikuna nazi, miguu imenyooshwa. Baba akatoa salamu, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kuniacha mbele. Nilielewa kwamba sitasemewa.

Nilisema yote nikiwa nimetazama mbuzi ya kukunia nazi. Nilipofika kwenye tone la damu na bahari, kile kicheko kilianza tumboni mwake, kikapanda, mpaka leso ikamwanguka kichwani. "Yaani mimi!" akasema, akifuta machozi. "Mimi ndimi niliyekuwa nikileta maradhi kwa kijiko! Sheikh wangu, na kila asubuhi wanitazama vile, mimi nikidhani una njaa!"

Kisha kicheko kikakatika. "Na ukaitikia kwa kichwa," akasema.

"Ndiyo."

"Nimelea wazazi tangu sijaota mvi. Hakuna nyumba iliyonitoa kwa jina la mwizi, ila kwenu."

Hakuniambia amenisamehe. Ningepaswa kurudi kuomba msamaha tena nikiwa mtu mzima, kwa kinywa cha mtu mzima, na sikurudi. Nilikuwa nikituma salamu na kilo za sukari kwa wasafiri. Alipofariki nilikuwa Mombasa. Ningeweza kuomba ruhusa kazini na sikuomba. Hilo halina muuguzi wa kunitulizia, na sitafuti.

Siku ile aliinuka, akachemsha yai. Akalimenya, akalikata kwa uzi katikati, akaniwekea nusu kwenye kiganja. Lilikuwa moto, na kiini chake kilikuwa cha manjano tupu.

"Nusu yangu, nusu yako," akasema. "Tukifa, tumekufa pamoja, na babako atatuzika."

Akala yake. Nami nikala yangu, kwa sababu baada ya yale niliyomfanyia nisingeweza kumwacha afe peke yake. Lilikuwa kavu, likanikwama kooni. Nikaketi kungoja. Yeye akarudi kwenye nazi yake.

"Upo?" akaniuliza baada ya muda.

"Nipo."

Akakuna, akakuna. "Bado?"

"Bado."

"Basi wewe u mgumu. Nenda kaniletee kikapu kile, tuwahi maji kabla hayajakupwa."

Alirudi nasi siku ile ile. Alikusanya mayai kwa majirani zake, akayafunga kwa majani makavu ndani ya kikapu, akaniwekea mapajani. Sikuthubutu hata kujikuna mpaka tukashuka Amu. Mlangoni tulimkuta Shangazi Zuhura. Alimtazama Bi Mwanakheri, akamtazama baba, na kwa kuwa Bibi alikwisha kumweleza, alikuwa na siku nzima ya kutafuta maneno. Alisogea pembeni, akasema, "Pita, Bi Mwanakheri. Pita kwa ubavu."

"Nitapita," akajibu mwenzake, "ukishika kikapu." Shangazi akakishika kwa mikono miwili.

Mama alilishwa tena. Mayai, ndiyo, na supu ya samaki, na uji wa maji mengi, na vidonge vya dresa vikaendelea. Sitasema ni kipi kilichofanya kazi. Nilikuwa nikipeleka sahani mimi mwenyewe, na mama alikula akifumba macho kwa pilipili, na mimi nikisimama hapo nikihesabu matonge, nikiogopa bado, kwa maana hofu ya mtoto haiondoki kwa sababu ameelezwa.

Asubuhi moja niliamka na nyumba haina sauti. Siku zote nilikuwa nikiamshwa na kilio cha Rukia. Nilisikia kuku, nikasikia mtu akifagia kwa jirani, lakini kutoka chumba cha mama hapakuja kitu. Nilikimbia bila kofia, bila kubisha hodi, nikasukuma pazia nikiwa tayari nalia.

Mama alikuwa ameketi, mgongo umenyooka, hakuegemea chochote. Rukia alikuwa amelala juu ya mapaja yake, kichwa kimeanguka upande, mdomo wazi, na maziwa yakimchuruzika shavuni mpaka kwenye leso.

"Shh," mama akasema. "Usimwamshe. Ameshiba."